Ndiyo ya Mabega

Mtaa mzima ulimwita Mama Mabega, na mwenyewe aliitika bila kinyongo, maana jina lilikuwa la haki. Alikuwa fundi wa mapazia. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu ya kukatia kitambaa katikati, cherehani chini ya dirisha, na vipande vya lesi vimetapakaa hadi chini ya kochi la wateja. Mteja akiingia kuuliza kama pazia lake la sebuleni litakuwa tayari Ijumaa, hapati jibu la mdomo, kwa sababu mdomo wa fundi umejaa pini. Fundi anapandisha mabega. Ndivyo alivyoanza tangu akiwa mwanagenzi, pini katikati ya midomo asubuhi mpaka jioni, na hata siku pini zilipokuwa mezani, mdomo ulikuwa umeshazoea likizo.

Asiyemjua angedhani ana dharau. Wanaomjua walikuwa na kamusi yao kichwani. Bega la kulia peke yake ni hapana. La kushoto ni subiri kwanza nifikirie. Yote mawili yakipanda polepole na midomo ikabetuka, ondoka mbele yake kabla hajachukua mkasi. Lakini yote mawili yakiruka juu kwa pamoja, haraka, na kushuka papo hapo, hiyo ni ndiyo, na si ndiyo ya mchezo, ni ile ya moyo wote anayoona haya kuitamka. Marehemu mumewe alipomposa, alimkuta na pini mdomoni, akaliona hilo ruko la mabega, akaenda moja kwa moja kwa wazazi wake bila kuuliza mara ya pili. Ndoa ile ilidumu kwa raha mpaka kifo kilipomchukua mzee wa watu. Sasa mwambie mwanamke huyo kwamba mabega hayasemi, uone kama hatakucheka.

Walibaki wawili nyumbani, yeye na binti yake wa pekee aliyefanya kazi duka la dawa. Binti ndiye aliyeleta habari za Kiingereza. Mama alikuwa ameanza kupata kazi za mahoteli na maofisi, na ujumbe wao ulikuja kwenye simu kwa Kiingereza kitupu. Kila ujumbe yeye alijibu kwa kile kipicha cha dole gumba. Siku moja hoteli ikamwandikia kwamba mapazia yote ni mafupi, yananing'inia kama suruali za kuvukia mto, akawarudishia dole gumba. Binti akasema hapana, mama, hapa tumefika pabaya, lazima uende darasani. Mabega yakaruka yote mawili. Binti akamwandikisha siku hiyohiyo.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, saa za alasiri. Wanafunzi walikuwa watu wazima wachache waliojibanza kwenye viti vya plastiki, na mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu, mwembamba, aliyependa chaki kuliko chai. Kiti cha pembeni ya Mama Mabega kilikaliwa na seremala wa barabara ya pili, mjane kama yeye, mwanamume wa mikono mikubwa ambaye vumbi la mbao halikutoka kwenye nyusi zake hata avae shati la sikukuu. Alikuwa na cheko la tumboni, likianza linasogeza na meza. Kila siku ya darasa alimletea Mama Mabega penseli aliyoichonga kwa patasi, imechongoka vizuri kweli, na mama wa watu alikuwa haandiki nayo, anaipeleka nyumbani na kuisimamisha kwenye glasi dirishani. Glasi ilikuwa imeshajaa. Binti aliziona, akauma ulimi, akajitia hamnazo.

Basi siku hiyo mwalimu akaja na somo la ishara za mwili. Akasema wamemchosha kwa kukariri salamu, wakati Waingereza nusu ya mazungumzo yao hawayasemi, wanayafanya kwa kichwa, kwa nyusi na kwa vidole, na kila kitendo wamekipa neno lake fupi. Ukifungua hadithi zao, alisema, watu hawatulii: huyu kafanya hivi, yule kajibu kwa vile, na usipojua hayo maneno utadhani hawajajibizana kitu. Akaanza na "nod". Sisi, alisema, tukisikia fulani alitikisa kichwa, tunabaki kujiuliza alikitikisa vipi, alikubali au alikataa. Wao wameshamaliza ubishi: "nod" ni ya juu na chini, ni ya kukubali, na ya kushoto na kulia ina maneno yake mengine. Kisha akawaambia kwamba mtu anayesinzia kwenye kiti mpaka kidevu kinamdondokea kifuani, naye wamempa neno hilohilo, wakaongeza kaneno kadogo nyuma. Darasa zima likamtazama kwa pamoja dereva wa teksi, aliyekuwa anafanya hivyo hivyo wakati huo.

Vicheko vikaanzia hapo na havikushikika tena. Walijifunza kupunga mkono, wakajifunza kukunja uso, watu wazima na heshima zao wakakunjiana nyuso kama wanagombania kiwanja. Walipofika kwenye "wink", mwalimu akaeleza kwamba kukonyeza kwa Waingereza si lazima kuwe na jambo. Hata babu humkonyeza mjukuu, maana yake hii ni siri yetu mimi na wewe. Dereva, ambaye sasa alikuwa macho kuliko wote, akamkonyeza mwalimu kufanya mazoezi, akala kipande cha chaki cha paji la uso.

Seremala naye akainua mkono. Alitaka kujua Mwingereza akisonya anasemaje. Mwalimu akafikiri, akasema hilo hawana neno lake hasa, itabidi uzunguke, useme mtu amevuta hewa kwa meno kwa hasira. Seremala akauliza, na kushika tama je? Mwalimu akazunguka tena, mara shavu, mara kiganja, mara huzuni, sentensi ikawa ndefu kuliko ubao, mwisho ikamshinda, akaifuta na kusonya. Lo, darasa liliangua kicheko mpaka muuza viatu wa chini akapanda ngazi kuja kuuliza kama kuna usalama.

Halafu ndipo likaja neno la Mama Mabega. Mwalimu aliandika "shrug" ubaoni, akapandisha mabega yake membamba, akashusha. Mama Mabega alikaa wima. Mwili ukamsisimka. Miaka yote ameambiwa ana tabia mbaya, ana mabega marefu, ana kiburi, kumbe watu wa mbali wamekaa, wakalifikiria jambo lake hilohilo, wakalitungia neno zima la peke yake. Alilitamka kwa kunong'ona, likapita kwenye meno vizuri. Akalitamka tena. Kwa furaha ile hakusikia hata robo ya yaliyofuata, na yaliyofuata ndiyo yalikuwa yenyewe. Maana mwalimu aliendelea kueleza jinsi Waingereza wanavyolitumia: mtu akipandisha mabega hivyo, anasema sijui, au hainihusu, au vyovyote vile kwangu ni sawa tu. Na wakisema mtu amelitupa jambo kwa mabega, ujue amelipuuza, halimkoseshi usingizi.

Seremala aliyasikia yote, tena kwa makini, maana alikuwa mwanafunzi wa kukaza buti. Akaambiwa atunge sentensi. Akatunga, akasimama, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma risala: "She shrugged because she did not care." Yaani mwanamke yule alipandisha mabega kwa kuwa hakujali. Mwalimu akamwekea alama ya vyema kubwa nyekundu. Mama Mabega akampigia makofi kuliko wote, bila kujua anachokishangilia.

Walipotoka, seremala alimbebea robota lake la kitambaa kama kawaida. Katikati ya ngazi akasimama. Alilitua robota, akafuta viganja kwenye suruali, na yule bwana wa cheko la tumboni akawa hana hata tabasamu. Akamwambia kwamba ameitwa mji mwingine kutengeneza madawati ya shule, kazi ya muda mrefu, na lori linakuja Jumamosi asubuhi kuchukua zana zake. Kisha akasema lililomleta.

"Mimi sitaki kwenda, fundi. Nyumba yangu ina madirisha manne na haina mtu. Ukikubali tuoane, nawapigia simu leo nawaambia watafute seremala mwingine. Ukikataa, nitapakia niende zangu."

Mama Mabega hakuwa na pini hata moja, lakini mdomo uligoma vilevile. Damu ilimpanda masikioni. Alitaka kusema ndiyo, alitaka kusema umechelewa wapi siku zote hizi, alitaka kukaa hapo kwenye ngazi acheke. Akafanya alichokifanya mara moja tu maishani kwa swali kama hilo. Mabega yote mawili yakaruka juu, pamoja, haraka, yakashuka.

Seremala aliyatazama mabega yale.

"Nimekuelewa, fundi. Asante kwa kunijibu bila kunizungusha."

Akamshushia robota lake mpaka chini, akamuaga kwa adabu zote, akaenda zake. Naye Mama Mabega akabaki mlangoni pa duka la viatu akijisemea moyoni, mwanamume mstaarabu huyo, jamani, hakumlazimisha hata kufungua kinywa.

Zikafuata siku za wazimu mtamu. Mwanamke mzima, mwenye binti wa kuolewa, alikuwa akitembea ndani ya nyumba kama sakafu ina moto. Hakumwambia mtu. Alitaka seremala aje mwenyewe, aigeuze siri iwe habari. Wakati anasubiri, alitoa kile kitambaa cha kijani kibichi alichokuwa akikifichia siku njema, akaanza kushona mapazia ya madirisha manne. Vipimo hakuwa navyo, alikisia kwa mapenzi. Mapazia ya wateja yalikiona cha moto: la mwanasheria alilishona bitana ikatokea nje, la kliniki akalitia lesi ya vitanda vya watoto. Wali ulimuungulia, akaula hivyohivyo na kuusifia. Binti akimuuliza kulikoni, mabega. Akimuuliza tena, mabega na wimbo juu.

Siku ya darasa iliyofuata kiti cha seremala kilikuwa kitupu. Mama Mabega hakushtuka hata kidogo. Alijua mambo ya harusi yana hekaheka, bila shaka bwana wa watu anapaka rangi kuta. Aliweka mkoba wake kwenye kile kiti ili mtu asikikalie, akaendelea kuutabasamia ubao.

Jumamosi asubuhi mwalimu alipita kuchukua pazia lake la jikoni. Binti alikuwa hajaenda kazini, akamkaribisha, akampa chai, na mwalimu kwa mara ya kwanza akaipokea, kwa maana alikuwa na la kusema. Akasema darasa limepata hasara. Yule seremala alikuja jana kuaga, wenzake wameshatoka darasani, anahama leo, lori linafika asubuhi hii hii. Na namna alivyokuwa, mwalimu akasema, alitia huruma. Alikuwa ameshika tama kwenye kiti chake utadhani amefiwa, hata hakucheka alipomwona dereva peke yake amebaki kitini amesinzia.

Mkasi ulianguka mezani. Mama Mabega alitoa pini mdomoni, zote, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake badala ya kimto cha pini, na hakuhisi.

"Haendi popote," alisema. "Nilishamkubalia."

Binti aliweka birika chini. Aliitazama glasi ya penseli dirishani, akayatazama mapazia ya kijani yasiyo na mwenyewe, mambo yakampangika kichwani moja baada ya jingine.

"Alikuuliza kama utaolewa naye, mama?"

"Aliniuliza. Pale kwenye ngazi."

"Na wewe ulimjibu kwa mdomo, au kwa mabega?"

Kwenye kochi mwalimu alikuwa ameganda na kikombe hewani. Alikumbuka sentensi ya seremala, akakumbuka na alama ya vyema aliyomwekea kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huohuo sasa ukaenda kufunika mdomo. Mama Mabega aliwatazama wote wawili, akataka kueleza, na mabega yakaanza kupanda yenyewe.

"Usithubutu," binti alisema. "Mama, yule mtu amesoma darasa moja na wewe. Umemjibu kwa Kiingereza. Umemwambia hujali."

Kuna watu wakipigwa na habari kama hiyo huzirai, wengine hulia. Mama Mabega alikimbia. Alitoka na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, kandambili mguuni, pini zikimetameta mkononi, na tangu mtaa ule uwe mtaa hakuna aliyewahi kumwona akienda mbio. Binti nyuma yake. Kandambili moja ilibaki kwenye kona ya muuza mkaa, binti akaiokota akakimbia nayo mkononi. Watu walisimama milangoni. Mmoja akamuuliza mbona mbio, kuna nini. Na hata kwenye hali ile, akiwa anahema, nakwambia, bega la kushoto lilimjibu: subiri kwanza.

Alichokuwa akikiona kichwani ni lori tu. Aliliona limeshawashwa, limeshapinda kona, na yule mwanamume amekaa mbele na vumbi lake la nyusi, akienda kuchonga madawati ya watoto wa watu kwa miaka, akiamini kwamba kuna mwanamke aliyemwona yeye na madirisha yake manne ni vitu vya kutupwa kwa mabega. Hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza. Akaongeza mbio.

Lori lilikuwepo. Lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa karakana, dereva wake amelalia usukani, na ndani, kati ya meza tupu za kazi, seremala alikuwa amepiga magoti akifunga kreti la mwisho la zana zake. Nyundo mkononi, misumari mdomoni, imejipanga katikati ya midomo kama ilivyo kwa mafundi wote. Aliposikia vishindo akainua macho.

Mama Mabega alifika mlangoni akashika mwimo. Pumzi hakuna. Alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Akafanya lile jingine alilofundishwa: akatikisa kichwa, juu na chini, ile ya kukubali isiyo na ubishi. Akatikisa tena. Alitikisa mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka na kuangukia kwenye mapukuto ya randa, akaendelea kutikisa. Seremala alibaki amemkodolea macho, nyundo hewani. Kisha mabega, kwa mazoea yao mabaya, yakataka kuruka. Akayawahi, mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, wa kushoto juu ya la kulia, akayakandamiza. Hapo zile pini za mkononi zikamchoma barabara.

"Yalaa," alisema, na kumbe pumzi ilikuwa imerudi. "Ndiyo. Siku ile nilisema ndiyo. Kwangu mimi mabega mawili ni ndiyo, tena ya moyo wote. Mimi sikujua kwamba hao Waingereza wanayatumia kwa mambo yao mengine."

Seremala aliishusha nyundo sakafuni polepole. Binti mlangoni aliikumbatia kandambili kifuani.

"Nimeshakushonea na mapazia," Mama Mabega akasema, sauti ikianza kumshuka. "Vipimo nimekisia. Sasa sijui kama bado unataka."

Alisimama pale, kichwa wazi, mguu mmoja peku, akimtazama usoni, akasubiri. Hajawahi kusubiri jibu namna hiyo. Yeye siku zote alikuwa upande wa pini. Wengine ndio waliosimama mbele yake kama hivi, mteja wake, bintiye, marehemu, na huyu mwanamume kwenye ngazi, wakitafuta jibu mwilini mwake. Ndipo akajua wote hao aliwatesa kiasi gani, akawaonea huruma kwa mpigo mmoja.

Seremala alimtazama juu mpaka chini. Mdomo ulikuwa umejaa misumari. Macho yakaanza kucheka kwanza, vumbi likapukutika kwenye nyusi, na yale mabega yake mapana, yote mawili, pamoja, haraka, yakaruka juu yakashuka.